"Sipendi" kwa Kiingereza: useme "hate", "dislike" au "can't stand"?

Miaka ya nyuma nilikuwa nasindikiza wageni kutoka Kigoma mjini kwenda Gombe. Kule barabara haifiki, njia ni ziwa, na boti ikichelewa kuondoka asubuhi, upepo wa mchana unakukuta katikati ya maji. Siku moja mgeni wangu, mama wa makamo kutoka Uingereza, alifika ufukweni Kibirizi saa nzima baada ya muda tuliopatana. Niliudhika, lakini nikanyamaza. Kesho yake, tukiwa tumeshazoeana, nikaona nimtanie kwamba jana alinichukiza kidogo. Nikafungua mdomo: "Mama, yesterday I hated you."

Akaweka kikombe chake cha chai chini taratibu, akatazama maji. Mpaka tunarudi mjini hakuniuliza tena jina la ndege wala la mti.

Sarufi ilikuwa safi kabisa, kitenzi kimekaa kwenye wakati uliopita kama tulivyofundishwa sekondari. Shida ni kwamba kichwani nilikuwa na neno "nilichukia", na kamusi yangu ya mfukoni ilishaniambia kuchukia ni "hate". Siku hizi nafundisha Kiingereza jioni pale Mwanga, na wanafunzi wangu (mhudumu wa gesti, vijana wa kidato cha nne, dada wa duka la dawa) wote wanaanzia kwenye shimo lile lile. Ndiyo maana nimeamua kuyapanga haya maneno yapimane.

"Nimechukia" na "namchukia"

Sikiliza watu wanavyosema mitaani. "Baba amechukia, usimwendee sasa hivi." "Usichukie bwana, nilikuwa natania." "Mama alichukia alipokuta sufuria imeungua." Chuki iko wapi hapo? Haipo. Kuna hasira, kuna kuudhika, na jioni watu hao hao wanakula sinia moja. Halafu kitenzi kile kile kinageuka: "Anawachukia majirani zake." Hapa sasa ni chuki yenyewe, ya kukaa moyoni.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: angalia kama kitenzi kimebeba mtu ndani yake. "Amechukia", bila mtendwa, mara nyingi ni hasira ya muda, na Kiingereza chake ni "angry", "upset" au "annoyed". "Anamchukia", yenye huyo "m" katikati, ndiyo inayostahili "hate". Kipimo hiki si cha asilimia mia, ila kingeniokoa mimi Kibirizi.

Hayo matatu ya hasira nayo hayalingani. "Annoyed" ni kukereka: umesubiri foleni, simu imekatika, mtu kachelewa. "Upset" ina huzuni ndani yake. Mtu aliye "upset" anaweza kulia. "Angry" ni hasira kamili. Waingereza wana na "cross", hasira ya mzazi kwa mtoto aliyemwaga uji, ndogo, isiyolala hadi kesho. Yule mama ningemwambia "I was a bit annoyed yesterday" au "I was a little cross with you", tungecheka. Mgeni akiwa Mmarekani, "cross" iache, wao hawaisemi sana. Tumia "annoyed".

Na "umenichukiza"? Ni "you've upset me". Kijana mmoja aliniandikia "you make me to hate". Nikamwuliza, umhate nani?

"I don't like", "dislike", "hate"

Wengi wanaona "I don't like" ni Kiingereza cha watoto, wanataka kupanda hadi "dislike" ili waonekane wamesoma. Mimi naona ni kinyume. Mzungumzaji wa Kiingereza akiwa sokoni au nyumbani anasema "I don't like" mara nyingi mno kuliko "dislike". Hii ya pili ni neno la karatasi: fomu, ripoti, mtihani. Ukiitamka mezani unasikika kama unajaza dodoso.

Lenyewe ni neno la kuungaunga. "Like" ni ya Waingereza wenyewe, ile "dis-" ya mbele inatoka Kilatini, na vilipachikwa pamoja karne ya 16. Kabla ya hapo walikuwa na "mislike", ambayo leo huisikii. Wanafunzi wangu nao huunga ya kwao: "I unlike". Hapana. "Unlike" maana yake ni "tofauti na", kama ukisema "Unlike Kasulu, Kigoma is hot." Lipo pia la Facebook, kuondoa "like" uliyokwisha kuiweka, lakini kuondoa "like" si kuchukia. Pengine umejutia tu. Kidole cha chini cha YouTube ndicho "dislike" halisi, ingawa tangu Novemba 2021 watazamaji hawaonyeshwi tena idadi yake.

Sarufi hapa inawaangusha watu kwenye mitihani. Baada ya "dislike" kitenzi kinavaa "-ing": "I dislike waiting", siyo "I dislike to wait". "Hate" inakubali zote mbili, "I hate waiting" na "I hate to wait". Ila ile yenye "to" imepata na kazi nyingine, ya adabu. "I hate to bother you" haina chuki hata chembe, ni "samahani kwa usumbufu". Na "I'd hate to miss the boat" ni "nisingependa boti iniache".

Sasa uzito wa "hate" wenyewe. Kwa vitu ni jepesi kuliko tunavyodhani: "I hate this heat", "I hate mosquitoes", "I hate Mondays", hakuna atakayeshtuka. Kwa mtu ni zito. Kwa mtu uliyemkazia macho, kama nilivyofanya mimi, ni jiwe. Kwa hiyo kabla hujauliza unachukia kiasi gani, uliza unachukia nini.

Mezani

Hapa ndipo penye mambo, kwa sababu Mswahili hasemi "sipendi" mbele ya chakula cha watu. Anasema "situmii". "Mimi mawese situmii, mama, nitakula ugali na mboga tu." Basi mtu analihamisha neno lilivyo: "I don't use palm oil", "I don't use meat", na ile mbaya zaidi, "I don't use". Kwa Kiingereza mtu "anayeuse" bila kusema nini, anafikiriwa dawa za kulevya. Chakula "you eat", kinywaji "you drink": "I don't eat meat", "I don't drink". Basi.

Tunalo jingine zuri zaidi, "sijazoea", na kwa bahati Kiingereza kinalo pacha wake: "I'm not used to it." Halikitukani chakula wala mpishi, lawama yote umeibeba wewe. Kama unataka kujifunza sentensi moja tu katika makala haya yote, chukua hiyo.

Wageni nao wana njia zao za kuzunguka, na zinatuchanganya. Nilikuwa nimekaa kwenye gesti moja hapa mjini nikinywa chai, kijana wa huduma akapeleka sahani ya dagaa wa kukaanga kwa mzee wa Kiingereza. Mzee akatabasamu, akasema: "I'm not terribly keen on dagaa, I'm afraid." Kijana akarudi jikoni mbio.

"Mama, mgeni anasema dagaa ni terrible. Na anawaogopa."

Mama mpishi akasimama na mwiko mkononi. "Dagaa wangu? Hawa wa leo asubuhi? Anaogopa nini, watamng'ata?"

Mzee hakusema lolote baya. "Keen on" ni kupenda kitu, kuwa na hamu nacho. "Not keen on" ni "sipendi sana". Ile "terribly" iliyomtisha kijana, ikitanguliwa na "not" hailaumu chochote, inafanya kazi ya "sana": "si sana hivyo". Na "I'm afraid" hapo ni "samahani". Alichosema kwa Kiswahili chetu ni "Samahani, dagaa hawanipandi sana." Ndugu zake ni "not really", "not particularly", "not too keen", wote wa upande wa upole. Ukimsikia Mwingereza anasema "I'm not very happy with the room", lakini, kimbia ukambadilishie chumba, maana hapo amekasirika kweli ila amelifunika.

Jozi nyingine ya hatari: "I don't care for fish" na "I don't care". Ya kwanza ni "samaki siwapendi sana", ya kizee kidogo, ya heshima. Ya pili ni "sijali", tena ile ya kubenua mdomo. Neno dogo "for" ndilo linalokutenga na ugomvi.

Ukitaka kupanda ngazi kutoka hapo, ipo "can't stand": siwezi kuvumilia. Ina nguvu karibu na "hate" lakini ni ya mdomoni, ya kila siku, na inavaa "-ing" vilevile: "I can't stand waiting." Ina kasoro moja, inaishi kwenye ukanushi. Huwezi kuigeuza ukasema "I can stand dagaa" ukimaanisha unawapenda. Jirani yake ni "can't bear". Watu wanazichanganya na mara nyingi hakuna hasara, ila mimi naisikia tofauti: "can't stand" ni ya kero, muziki wa baa usiku kucha. "Can't bear" ina maumivu, "I can't bear to see him cry."

Juu kabisa mezani kuna "disgusting". Asili yake ni Kilatini "gustus", yaani ladha, kwa hiyo ni neno lililotoka kinywani, ni kinyaa cha kutaka kutema. Usilitumie kwa chakula cha mwenyeji, hata kama kimechacha. Na chunga mkia wake. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwenye daftari: "When I see dirty toilets I am disgusting." Maskini, amejitukana. Kiswahili kina kitu hiki hiki, ila hatukioni kwa kuwa tumekizoea: "ninachukiza" na "nimechukizwa". Yule mwenye "-iza" anawatia wengine kinyaa, naye ni "disgusting". Yule mwenye "-izwa" ametiwa kinyaa, naye ni "disgusted". Ukikumbuka hilo umepata na "boring" na "bored" bure.

Yale mazito

Wazee wa Ujiji wanajua kutofautisha makuruhi na haramu. Makuruhi ni jambo lisilopendeza, kuliacha ni bora, lakini ukilifanya hujavunja katazo. Haramu ni haramu. Maneno niliyoyataja hadi sasa mengi yako upande wa makuruhi. Manne haya yako ng'ambo ya pili: "loathe", "detest", "abhor", "despise". Ushauri wangu ni uyajue ukiyasoma, usiyakimbilie ukiongea.

"Loathe" inatoka zaidi mdomoni kuliko wenzake, na taabu yake ni matamshi. Inaishia na sauti ya "dh" ya "dhambi". Sisi wa bara tunaosema "zambi" tutaitoa kama "lowz", mtu asielewe. Ina ndugu asiye na "e", "loath", anayeishia na "th" ya "thelathini", na huyo maana yake ni kusita: "He was loath to leave" ni "aliondoka kwa shingo upande".

"Detest" ilianza kama kiapo: Warumi walimlaani mtu kwa kuita mashahidi, na "testis" ni shahidi, ukoo mmoja na "testify". Kwetu Kigoma ina mtego wa ziada. Wafanyabiashara wa kutoka Bujumbura na Uvira wamesoma Kifaransa, na Mfaransa husema "je déteste" kwa jambo la kawaida tu, kama mvua au kahawa isiyo na sukari. Akivuka nayo hadi Kiingereza, inaongezeka uzito njiani. Ukisikia mmoja anasema "I detest this soda", usimwombe radhi mara tatu.

"Abhor" ni la kimaandiko na la hotuba. Ndani yake kuna "horrere", kusisimkwa hadi nywele zinasimama, na "horror" imetoka humo. Biblia ya King James ya 1611, Warumi 12:9, inasema "Abhor that which is evil". Tafsiri yetu: "lichukieni lililo ovu". Ona basi: neno lililokuwa la sufuria iliyoungua kule juu, hapa linabeba uovu wote wa dunia. Ukisimama kumtafsiria mhubiri kwa Kiingereza, "abhor" inakaa. Ukimweleza mwenzako kuhusu mende, atakutazama mara mbili.

"Despise" inastahili dakika moja zaidi kwa sababu wengi wanaiweka kama "hate" iliyozidi. Siyo. Ni kumtazama mtu kwa chini, na ndivyo Kilatini chake kinavyosema hasa. Kiswahili chake ni kudharau: "He is despised and rejected", Isaya 53:3, kwetu ni "Alidharauliwa na kukataliwa na watu". Adui mwenye nguvu unaweza kumchukia huku unamwogopa, na hiyo ni "hate". Mtu anayewaibia yatima pesa za shule, "you despise him". Akipita hata salamu yake huoni inakupunguzia au kukuongezea kitu.

Watu usioiva nao

Kwa mtu usiyempenda tu, bila vita, hayo manne yote ni kuua mbu kwa nyundo. Kiswahili kinasema "hatuivi chungu kimoja". Kiingereza cha Uingereza kinasema "we don't get on", cha Marekani "we don't get along". Uzuri wake ni ule ule wa chungu: hakuna aliyelaumiwa. "I'm not very fond of him" inamlaumu kidogo, kwa glavu.

Kama una kinyongo, yaani umetendewa jambo na limekukaa, neno lako ni "resent", tena kwa "-ing": "I resent being paid late." Hapo humchukii bosi, unachukia alichokufanyia. Sijui kwa nini shuleni hawalifundishi mapema. Maisha ya mtu mzima yamejaa "resent" kuliko "hate".

Barua ya kazi

Dada wa duka la dawa aliniletea barua yake. Kulikuwa na nafasi ya utunzaji wa stoo kwenye shirika moja upande wa Kasulu. Alikuwa ameandika: "I hate to work with lazy people and I am adverse to corruption."

"Averse" na "adverse" zinatofautiana herufi moja. "Averse" ni mtu aliyegeuza uso, asiyetaka kitu. "Adverse" ni hali yenye madhara, na yeye mwenyewe analiona kila siku kwenye vikaratasi vya dawa, "adverse effects". Kwa hiyo alikuwa amejitangaza kama madhara ya rushwa. Lakini hata "averse to corruption" sikumshauri, kwa sababu neno hilo ni la kutopenda kwa ubaridi, na rushwa hauikatai kwa ubaridi. Linafaa zaidi kwa "risk-averse", mfanyabiashara asiyependa kubahatisha, au likikanushwa: "I'm not averse to a cold soda" ni "soda baridi sikatai", yaani lete. Kama ni kusita tu, "reluctant to" inatosha: "I am reluctant to sign before I count the boxes."

Ile ya wavivu tuliifuta yote. Anayesoma barua ya kazi akikuta "hate" mstari wa pili anajiuliza huyu ataletaje amani stoo. Ya rushwa tukaandika: "I do not accept gifts from suppliers."

Akaisoma mara mbili. "Mwalimu, mbona hii haina hasira?"

"Hasira ya nini? Umeshakataa."

Tukabakiwa na mahojiano. Nikamwambia watamwuliza kama yuko tayari kufanya kazi Jumamosi, na wataanza na "Would you mind". Hapo "mind" ni kuona ubaya, kwa hiyo swali linauliza "utaona vibaya?", na anayekubali hujibu "No, not at all". Ukijibu "Yes" umekataa kazi. Akasema ameelewa. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati na maji yanaingia mlangoni, nikaona ndiyo nafasi ya kumjaribu.

"Would you mind closing the door?"

"Yes, mwalimu," akajibu, akanyanyuka kwenda kuufunga.